Jiwe Lililoitwa Vumbi

Mama Vumbi hakuwa mchafu hata kidogo. Sakafu yake ungeweza kuilia chakula. Jina hilo alilipata kazini, kwenye kituo cha kutazama nyota, miaka thelathini na mmoja iliyopita, nalo likamganda.

Kazi yake ilikuwa kupima vioo. Zamani hizo anga lilipigwa picha kwenye kioo cha ukubwa wa daftari. Fundi wa chumba cha giza alikisafisha, akakikausha, akabandika kikaratasi chenye tarehe, kisha mpimaji akakiweka chini ya hadubini. Nyota hukaa mahali pake. Kinachohama kutoka kioo hadi kioo ni jiwe linalozunguka jua.

Akiwa na miaka ishirini na sita aliona nukta ikihama katika vioo vitatu. Siku hiyo alisahau chakula cha mchana kwa furaha. Lakini alipofuata tarehe, nukta iliruka mbali kushoto, halafu ikarudi nusu ya njia. Mkuu wa wakati ule alikuwa na ulimi wa wembe.

"Binti," alimwambia mbele ya watu, "mawe hayasahau kitu nyumbani yakarudi kukichukua. Hilo ni vumbi."

Akaliandika neno hilo kwenye daftari kuu kwa wino mwekundu. Tangu hapo binti akawa Mama Vumbi, hata kabla ya kuwa mama wa mtu. Na kila alipoona nukta nyingine, na aliziona, alifunga mdomo.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, vioo vya zamani vilikuwa vikiingizwa kwenye kompyuta. Jumanne mkuu wa sasa, kijana mpole wa rika la mwanawe, alimwita.

"Mama, hebu njoo utazame."

Ilikuwa asteroidi ndogo ya mawe, upana wake kilomita nne, katika sehemu ya ndani ya ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Wengine waliigundua miaka kumi na mmoja baada yake, wakaipa namba. Nukta tatu za Mama Vumbi zilikuwa jiwe hilo hasa, ila tarehe za kioo cha pili na cha tatu zilikuwa zimebadilishana.

"Wewe ndiye uliyeiona kwanza," kijana akasema. "Tulifute lile neno."

Daftari kuu lina sheria yake: neno halifutwi mpaka iandikwe sababu, pamoja na jina la aliyekosea. Na vikaratasi vyote vya mwaka ule vilibandikwa na mtu mmoja, ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani kwa Mama Vumbi akimenya viazi.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

Njiani aliamua kuandika kwamba sababu haijulikani. Mumewe alikuwa fundi mwenye sifa, na kituo kizima yeye peke yake hakuwahi kumwita Mama Vumbi. Aliwahi hata kukunjana mashati na dereva kwa ajili ya jina hilo. Mtu wa namna hiyo humwaibishi uzeeni.

"Wameona vile vioo vyangu vitatu," alisema akivua viatu. "Lilikuwa jiwe kweli."

Mumewe aliweka kisu chini. "Wameona tarehe zimebadilishana?"

Mama Vumbi hakuwa ametaja tarehe.

"Ulijua lini?"

"Mwezi ule ule. Siku ile nilikuwa na haraka nikuwahi getini, nikusindikize. Nilipokuja kugundua, mkuu ameshatangaza. Angenifukuza, na harusi tumeshaipanga. Nikasema nitakwambia tukishaoana. Halafu nikasema mtoto akishazaliwa. Halafu..."

"Halafu mimi nikawa Mama Vumbi."

"Mimi sijawahi kukuita hivyo."

"Najua. Nilidhani ni mapenzi."

"Na mapenzi yalikuwemo," alisema mumewe, akitazama viazi.

Mama Vumbi alikasirika. Kosa la siku moja angelisamehe papo hapo, tena lilikuwa kosa la kumkimbilia yeye. Ile miaka thelathini ndiyo iliyomkaa kooni. Alilala chumba cha mwanawe, mlango kaufunga.

Asubuhi alimkuta mumewe sebuleni, amevaa koti lake la harusini lisilofunga vifungo tena. Walikwenda kituoni pamoja. Mkuu alifungua daftari, Mama Vumbi akaandika sababu, akafika penye jina, akamsogezea mumewe kalamu. Mzee aliandika majina yake yote matatu, polepole, kisha akarudi nyuma hatua moja. Mama Vumbi akapiga mstari juu ya neno lile mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano, naye anastaafu Ijumaa. Alikwenda kwenye meza yake, akafungua mtoto wa meza wa chini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na namba za vioo arobaini na viwili, vyote vyenye nukta alizozinyamazia. Akaleta kioo cha kwanza, akakiweka chini ya hadubini, akavuta kiti cha pili.

"Kaa hapa," alimwambia mumewe. "Nisomee tarehe. Na safari hii usiwe na haraka."