Upande wa Sauti Nzito

Haya ni kweli tupu, toka herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Atakayekuta chumvi humu aje anidai, nami nitalipa bila kununa.

Watoto saba walikuwa wakipiga piano kwa nguvu zao zote, na chumba kilikuwa kimya. Kila mmoja alikuwa na kinanda chake cha umeme na hedifoni masikioni. Kilichosikika ni vidole tu, tap tap tap, kama rasharasha juu ya turubai. Fundi alisimama mlangoni akiwatazama. Angekuwa na moyo wake wa zamani, angecheka. Lakini tangu amzike mkewe, miezi minane iliyopita, alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unabeba mwili, ila ukiufinya hausemi kitu.

Alitengeneza lifti kwa miaka thelathini na sita, na kazi hiyo aliifanya kwa kiganja. Alikuwa akikibandika ukutani, anafumba macho, na mtetemo unamwambia roda ipi imelika na waya upi umelegea. Siku hizi alikibandika hata juu ya jokofu linalonguruma, asipate habari yoyote.

Kando yake alisimama mjukuu wake wa miaka tisa, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo ambao zamani haukujua likizo. Bibi yake ndiye aliyemfundisha piano, kwenye piano kuukuu ya sebuleni, wawili benchi moja. Tangu mazishi hakuigusa, na maneno aliyapima kama dawa ya kikohozi.

"Baba, nimeongea na shule ya muziki," binti wa Fundi, mama yake Chiriku, alikuwa amemwambia asubuhi ile, akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi huku mkate uko mdomoni. "Kuna masomo ya peke yake na kuna ya kundi. Ya peke yake, mwalimu anamkazia macho yeye tu. Ya kundi, anapata wenzake. Kesho ndiyo mwisho wa fomu, na mimi niko zamu. Nendeni mkaonje yote mawili, halafu uchague."

"Nichague mimi?"

"Kwani kuna babu mwingine humu ndani? Na asipoanza muhula huu, baba, piano ya mama naiondoa. Siwezi kupita kila siku mbele ya jeneza lenye meno."

"Haya," alisema Fundi. Siku hizi neno lake lilikuwa hilo moja, lilimtosha kwa kila kitu, kama spana moja inayokaza kila nati.

Masomo ya peke yake walikuwa wameshayaonja, ghorofani. Mwalimu wa huko, bwana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kukata, alimkalisha Chiriku katikati ya benchi. Chiriku akajivuta hadi ncha ya kulia. Mwalimu akamrudisha. Akajivuta tena.

"Binti, piano ina kitovu," mwalimu alisema, akimrudisha mara ya tatu, "na mchezaji hukaa mbele ya kitovu."

Chiriku akaweka mikono mapajani na kuiacha hapo. Dakika kumi. Mwishowe mwalimu akamnong'oneza Fundi, "Mzee, tusimlazimishe. Mlete mwakani."

"Haya," alisema Fundi, wakashuka ngazi.

Sasa mwalimu wa kundi aliwajia, mwanamke mfupi aliyevaa ndara, penseli imechomekwa nyweleni.

"Shikamoo mzee. Piano unaijua wewe, au umeleta mtu tu?"

"Marahaba. Mimi?" Ulimi wa Fundi ulikwenda wenyewe, kwa mazoea tu, bila utamu. "Mimi nilikwama na piano ndani ya lifti saa tisa nzima, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nikaipiga mpaka wapangaji wakatoka kucheza dansi kwenye ngazi. Walipotufungua, hawakutaka nishuke."

Mwalimu alicheka. Chiriku alimtupia babu yake jicho la pembeni, jicho la karani aliyeona saini ya kughushi.

Alipewa kinanda kilichokuwa karibu na dirisha. Akasogeza kiti chake hadi ncha ya kulia. Fundi akangoja arudishwe katikati, mwalimu akamwacha. Akarudi mezani kwake, kwenye kisanduku cha swichi ambacho kwacho humsikiliza mtoto mmoja mmoja, akabonyeza swichi ya nane na kumpa Fundi hedifoni.

"Msikilize. Huyu anacheza, ila anakatizakatiza. Amesahau?"

Fundi akasikiliza. Wimbo mwembamba ulipanda hatua nne, ukanyamaza. Ukapanda tatu, ukanyamaza. Kwa miaka mitatu alikuwa ameusikia wimbo ule kupitia ukuta wa jikoni huku akiosha vikombe, na aliujua kama anavyojua lifti iliyo nzima. Hakuna kilichosahaulika. Mtoto alicheza sehemu yake yote, kisha akampisha bibi yake. Hakuwahi kufundishwa upande mwingine. Ulikuwa na mwenyewe.

"Hajasahau," alisema Fundi. "Anangoja."

Alivuka chumba, akasimama nyuma ya mjukuu wake. Chiriku akavua hedifoni.

"Babu, si umesema unaijua?"

"Nimesema."

"Basi kaa."

Alimsogezea kiti, upande wa kushoto. Mwalimu akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikamwagika chumbani na watoto saba wakageuka. Fundi hakujua hata kibonyezo kimoja. Alichojua ni wakati. Wimbo ulipanda hatua nne, ukanyamaza. Akashusha kidole kinene kwenye sauti nzito iliyokuwa karibu. Ukapanda tatu, akashusha tena palepale.

"Sauti siyo," alisema mwalimu polepole, "lakini wakati ndio."

Fundi aliufikisha wimbo mwisho, uso mkavu kama kigae. Kisha akaomba fomu. Akaweka alama kwenye neno "kundi", akaandika jina la mtoto, na chini yake la kwake.

"Mzee, hili ni darasa la watoto."

"Nitavaa kaptula."

Hapo ndipo nilipoweka nukta. Lakini Chiriku amezikuta karatasi hizi mezani, amesoma zote amesimama, mkono kiunoni.

"Babu, saa tisa? Bibi alisema dakika ishirini. Na mle kwenye lifti kulikuwa na kabati la nguo."

Ni kweli. Lilikuwa kabati.

"Na uso wako haukuwa mkavu. Kibonyezo kilikuwa kinateleza. Mwalimu alikifuta kwa kitambaa."

Nikaweka kalamu chini.

"Umeapa utalipa," alisema.

Basi ninalipa. Ametaja deni mwenyewe: mkono wa kushoto wa wimbo mzima, sauti zilezile za bibi yake, hata moja isirukwe. Mama yake ameketi jikoni na kikombe chake, hajawasha redio. Chiriku yuko ncha ya kulia ya benchi. Amecheza hatua nne, amenyamaza, na kiganja changu kiko juu ya vibonyezo.