Neno Aliloliacha Mwalimu Otuoma

Neno la kwanza liliingia nyumbani kwa Mwalimu Otuoma bila yeye kulialika. Alikuwa mezani na rundo la madaftari ya kidato cha pili, kalamu nyekundu mkononi, na mkewe Justa alikuwa jikoni na binti yao Favour. Mtoto alikana katakata kugusa sukari, huku chembechembe zikimeta midomoni. Justa hakumkaripia kama siku zote. Alimwambia kwa Kiingereza, taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, kwamba utetezi wake haukuwa sufficient, haujitoshelezi. Mtoto akacheka. Mama naye akacheka, akalirudia neno lile mara nyingine, safari hii kwa ajili ya unga uliobaki kwenye debe, ambao nao haukuwa sufficient.

Otuoma aliacha kusahihisha. Neno lilikuwa sawa na lilikaa mahali pake. Hilo ndilo lililomchoma.

Yeye alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na huko Ilemela wazazi walimtaja kama mtu ambaye ulimi wake hautelezi. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, na Justa Msukuma wa Magu, ambaye kinywani mwake herufi r na l zilikuwa kitu kimoja tangu kuzaliwa. Walipooana Justa alijaribu kuzungumza naye Kiingereza, naye Otuoma alimsimamisha karibu kila neno. Siku moja walikuwa na wageni, Justa akawakaribisha wali kwa Kiingereza, rice, na kwa jinsi alivyotamka, lice, wageni wakawa wamekaribishwa chawa. Otuoma aliwaeleza wageni kichekesho kile kilikuwa wapi. Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Justa alicheka pia, kisha akaenda kuleta maji ya kunawa, na tangu siku ile hakutamka Kiingereza mbele ya mumewe. Otuoma alidhani ameshindwa lugha.

Miaka ilipita ndipo Justa alipojiunga na chuo kimoja pale mjini kusomea maendeleo ya jamii. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza, tena Kiingereza kizito cha wasomi. Otuoma alifurahi, kwa kuwa aliona sasa atahitajika. Alimwandikia maneno magumu kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani jikoni, na kila jioni akamuuliza. Justa alijibu kama mwanafunzi anayengoja kengele. Asubuhi maneno yalikuwa yameshapotea. Karatasi ikaanza kujikunja kwa mvuke wa ugali, na siku ilipodondoka hakuna aliyeiokota.

Basi aliposikia neno lile la sukari aliuliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, limetoka wapi.

"Kwa Nestory," Justa alijibu, bila kugeuka. "Wiki hii ndilo neno letu."

Nestory alikuwa mwanafunzi mwenzake, Mkerewe, mwanamume wa makamo kidogo aliyekuwa na duka la dawa za mifugo kabla ya kurudi shule. Yeye, Justa, na msichana mmoja aitwaye Queen walikuwa wamekubaliana jambo: neno la kitabuni haliingii kwenye kazi ya chuo mpaka kwanza limetembea mitaani. Wiki nzima walilibeba. Walilitumia stendi ya Buzuruga wakibishana na kondakta, walilitumia kwa muuza nyanya, walilitumia kwenye simu wakitaniana. Likishapata jasho, Nestory alisema, ndipo linakuwa lako. Justa aliyaeleza haya huku akikuna nazi, na uso wake ulikuwa na uchangamfu ambao Otuoma alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho ulielekezwa kwake.

Kuanzia hapo maneno yalifuatana. Favour alipokataa kuoga, mama yake alisema mtoto huyu ni reluctant, anajivuta. Umeme ulipokatika wakadhani ni mtaa mzima, kumbe ni nyumba yao tu, Justa alimwonya mtoto asiwe na tabia ya ku-assume, kudhania tu bila kuhakikisha. Hata jirani yao Mama Rose, ambaye hakumaliza darasa la saba, akaanza kusema samaki wa leo si significant, yaani si wa kuhesabika. Kila neno lilipotua Otuoma alisikia nyuma yake sauti ya mwanamume mwingine. Alijua maneno yote hayo. Aliyajua kabla Nestory hajaacha kuuza dawa za minyoo. Lakini kwake yalikuwa yamekaa ukutani, na kwa mwenzake yalitembea na mkewe kutwa nzima.

Alianza kuhesabu, si maneno, bali vicheko. Simu ikiita na Justa akatoka nje kuipokea, Otuoma alipunguza sauti ya redio. Alisikia Kiingereza kilichojaa r zilizogeuka l na l zilizogeuka r, pande zote mbili, maana Nestory naye ulimi wake ulikuwa vilevile, na hakuna aliyemsimamisha mwenzake. Otuoma alitamani kutoka nje awasahihishe wote wawili. Alibaki amekaa.

Mara moja walikutana ana kwa ana. Nestory alimleta Justa hadi mlangoni kwa pikipiki mvua ikinyesha, akavua kofia, akainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. Hawakupishana sana umri. Otuoma aliitikia marahaba, na siku mbili nzima shikamoo ile ilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Utafiti wa Justa ulihusu akina mama wanaoanika dagaa ufukweni Igombe: kwa nini wengine wanaendelea kuanika mchangani wakati wenzao wamehamia kwenye vichanja. Jumamosi moja Otuoma alijiambia anakwenda kununua dagaa, ingawa nyumbani walikuwepo. Aliwaona kwa mbali, wamekaa kwenye majabali juu ya maji, Justa, Queen na Nestory, pamoja na wanawake kadhaa waliokuwa wakipumzika. Justa alikuwa akieleza jambo kwa mikono yote miwili. Alikosea, hata kutoka pale alipokuwa Otuoma aliona kwamba amekosea, kwa jinsi Nestory alivyojishika kiuno akicheka. Kisha Justa akacheka zaidi yake, akajaribu tena. Hakuona haya hata kidogo. Otuoma alisimama nyuma ya mitumbwi iliyoinuliwa nchi kavu, jua likimpiga utosini. Kama angewakuta wameshikana mikono, alifikiri, angejua la kufanya. Hili hakujua alifanyeje. Alirudi bila kusalimia mtu.

Ilipofika wakati wa kuwasilisha utafiti mbele ya jopo, Justa alifanya jambo ambalo Otuoma hakulitarajia. Alimletea ripoti nzima, akaiweka mezani mbele yake.

"Baba Favour, nisomee," alisema. "Mimi na wenzangu tunafanana makosa. Wewe ndiye unayeyaona."

Otuoma alisoma jioni ile, na ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko alivyotaka iwe. Maneno yalikaa kwa utulivu, kila moja likijua kazi yake, na kwenye ukurasa wa shukrani jina la Nestory lilitangulia la kwake. Kwenye sura ya tatu, pale mtafiti anapoeleza alivyopata takwimu, akakuta kosa. Justa alitaka kusema alikusanya takwimu kwa akina mama, collected. Ulimi wa Magu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vidole: aliandika corrected. Alisahihisha takwimu. Alikuwa ameandika hivyo sura nzima, kwamba kila asubuhi alikwenda ufukweni kusahihisha takwimu za akina mama. Kwa mtu wa utafiti, hiyo ni sawa na kukiri kwamba umezipika.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Otuoma aliitazama ile herufi moja na nyingine. Alifikiri juu ya majabali ya Igombe, na kicheko. Alifikiri: acha ajue yule bwana anamfundisha nini. Akasahihisha koma mbili na herufi kubwa moja kwenye ukurasa mwingine, akafunga ripoti.

"Iko vizuri," alimwambia.

Justa alimshukuru kwa sauti ya chini, na kwa muda mfupi akaweka kiganja chake begani mwa mumewe. Hata hivyo Otuoma hakuifungua tena ile ripoti.

Siku ya kuwasilisha Otuoma aliomba ruhusa kwa mkuu wake wa shule, akaenda kukaa safu ya mwisho ya ukumbi. Justa alivaa kitenge alichoshonewa kwa ajili ya siku ile. Alianza vizuri, na Otuoma, licha ya yote, alijikuta akitikisa kichwa kwa kukubali. Mwenyekiti wa jopo, Dokta Chenge, mama mwenye miwani na sauti kavu, alimsubiri amalize, kisha akafungua sura ya tatu. Akamuuliza kwa Kiingereza kama ni kweli alisahihisha takwimu mwenyewe.

Justa alisikia lile alilozoea kulisikia, collected. Akajibu kwa kujiamini kwamba ndiyo, yeye mwenyewe, kila asubuhi, bila msaada wa mtu.

Dokta akauliza kama wenye takwimu walijua. Justa akajibu kwamba walijua na walifurahi sana.

Kuna mtu alicheka kidogo akajikohoza. Wanajopo walitazamana, mmoja akavua miwani. Justa alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kutafuta mahali pa kushika. Otuoma alijua kilichotokea, na alijua kwamba neno moja kutoka kwake lingetosha. Hakusimama.

Aliyesimama ni Nestory. Aliomba radhi kwa jopo, akasema kwa Kiswahili kwamba mama huyu anamaanisha kukusanya, kwamba yeye mwenyewe hutamka vivyo hivyo, na kwamba alikuwepo Igombe akamwona akienda kwa mama mmoja mmoja kuuliza. Dokta Chenge alimsikiliza, na uso wake ukalegea kidogo. Alisema anaelewa. Lakini ripoti iliyoandikwa inasema ilivyoandikwa, na nakala imekwishapelekwa kwa mtahini wa nje. Itabidi irudiwe yote na iwasilishwe upya muhula unaofuata. Maana yake Justa hangehitimu na wenzake.

Walirudi nyumbani. Justa alivua kitenge, akakikunja, akavaa kanga, akawasha jiko. Favour alipelekwa kwa Mama Rose. Ndipo Justa alipokaa kwenye kigoda, akamtazama mumewe.

"Uliisoma sura ya tatu?"

"Niliisoma."

"Uliliona?"

Otuoma alitafuta uongo, na aliukuta tayari. Angeweza kusema alichoka, macho yalipitiliza. Lakini alikuwa amemwona akitabasamu pale mbele.

"Nililiona."

Maji yalianza kuchemka.

"Nilitaka uaibike mbele yake," alisema Otuoma. "Nilitaka umwone hajui kitu."

Justa hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema polepole kwamba miaka yote mumewe alimsahihisha hata pale asipoombwa, mbele ya wageni, mbele ya mtoto, mpaka yeye akaogopa kufungua mdomo. Na siku moja tu alipomwomba mwenyewe, mume akanyamaza. Akaongeza kwamba kama ni wivu wa mwanamume na mwanamke, angeuliza tu, na angejibiwa. Nestory alikuwa rafiki. Kisha akamwaga unga kwenye maji, na usiku ule alilala chumbani kwa Favour. Alilala huko muda mrefu.

Otuoma alikwenda kumtafuta Nestory, akamweleza alichofanya. Alitarajia kusamehewa, au walau kusifiwa ujasiri wake wa kukiri. Nestory alimsikiliza akiwa amesimama, akamwambia kwamba Justa alikuwa akimsifu mbele yao kila siku, mume wangu anajua Kiingereza kuliko wahadhiri, na kwamba leo hana neno la kumwambia. Akaondoka. Otuoma alibaki na jambo jipya la kuumia, kwamba alikuwa akimwonea wivu mtu aliyelishwa sifa zake yeye Otuoma.

Muhula uliofuata Justa aliwasilisha upya. Ripoti aliipitia na Queen, herufi kwa herufi. Alifaulu, na alama zake zilikuwa za juu. Otuoma alipata habari kutoka kwa Favour.

Lakini baada ya hapo, Ijumaa moja, Justa alimwambia wanakwenda Igombe kesho kuwapelekea akina mama majibu ya utafiti, na kwamba akitaka aje. "Ila usimsahihishe mtu," alisema.

Alikwenda. Alikaa kwenye jabali pembeni, Nestory akamsalimia kwa kichwa tu. Justa alieleza matokeo kwa Kisukuma na Kiswahili, na mara mojamoja kwa yale maneno yao ya wiki, na wanawake wakayashika na kuyarusha kama mpira. Nestory alipotania na Justa kucheka, Otuoma alisikia mwiba uleule ukigeuka kifuani. Haukuwa umekwenda popote. Aliuacha uchome, akakaa.

Queen akauliza kuanua kwa Kiingereza ni nini, kuondoa vitu juani kabla mvua haijavinyeshea. Wote wakamgeukia mwalimu. Otuoma alifikiri, akajaribu neno moja kichwani, akaliacha, akajaribu jingine.

"Sidhani kama wanalo neno moja," alisema. "Mimi silijui."

Wakati huo upepo wa ziwani ukageuka, na upande wa visiwani mbingu ilikuwa imekwishakuwa nyeusi. Wanawake waliinuka kwa pamoja, mabeseni mikononi, wakikimbilia vichanja. Justa alishika ncha moja ya turubai, akatazama huku na huku, akamwita mumewe ashike ya pili. Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Otuoma alivua viatu, akakimbia.