Waliokuja Kumfukuza Fintan

Wanaume wa Killadreen hawajui kusema jambo. Wanajua kuupiga mpira kwa mguu na kwa ngumi mpaka upite juu ya mwamba wa goli, ambako kwetu ni pointi, wanajua kumtoa ng'ombe mtaroni, lakini ukitaka wakwambie neno moja la maana wanaangalia viatu vyao. Nimeolewa na mmoja wao miaka thelathini na minne, kwa hiyo simsingizii mtu.

Wangu ni Fintan. Aliichezea timu ya parokia hii mpaka magoti yakagoma, akafundisha watoto, kisha akaenda kuwafundisha majirani na mahasimu wetu wa Derrylahan miaka mitatu, na mama yake alikufa hajamsamehe. Aliporudi akapewa timu ya wakubwa, na mwaka wa pili akatuletea kombe la kaunti. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita, na kombe hatujaliona tena. Kila Jumanne na Alhamisi yuko uwanjani ananyeshewa. Anawapigia simu watu thelathini. Nusu wana harusi, nusu wanaumwa paja.

Mwezi Machi alianguka kando ya uwanja akimfokea mwamuzi. Mtoto wetu Cormac, nahodha wa timu, ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Hospitali wakamwekea kijibomba kwenye mshipa wa moyo, na daktari akamwambia kelele za uwanjani basi. Nikamsihi aache.

"Siwezi kuwatoroka, Attracta," akasema. "Wakiniambia hawanitaki, nitaondoka siku hiyo hiyo."

Basi Jumapili moja asubuhi, wiki moja baada ya kufungwa na timu isiyokuwa hata na mchezaji wa akiba, mke wa mwenyekiti alinipigia simu. Klabu ilikuwa imepiga kura. Wajumbe wangekuja saa nane mchana kumwambia Fintan kwamba imetosha. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, kisha nikaoka keki ya matufaha.

Wakaja watatu: mwenyekiti Malachy Tansey, ambaye ni binamu yake Fintan, katibu Enda Scanlon, na Gus Heneghan anayetunza uwanja. Kwanza wakakataa chai. Nikawasihi, wakakataa tena. Nikamimina, na kila mmoja akanywa vikombe vitatu.

"Mvua hii," akasema Malachy.

"Acha tu," akasema Gus.

"Mazishi ya jana yalijaa watu."

"Walijaa kweli. Na marehemu mwenyewe hakuwa akipendwa kiasi hicho."

Walizunguka mbuyu saa nzima. Mimi nilikuwa kwenye sinki naosha sahani moja mara ya nne, roho juu. Hatimaye Enda akakohoa.

"Fintan, bwana, tumekaa kama klabu, tukaona, kwa mwaka ujao..."

"Mwaka ujao!" Fintan akachangamka. "Hata mimi nawaza hilo hilo. Tuanze mazoezi Januari mapema, miguu yao mizito."

Enda akamtazama Malachy. Malachy akaitazama keki.

"Januari ni nzuri," akasema Enda.

"Uwanja unakuwa mkavu," akaongeza Gus, mtu anayejua kuliko sisi sote kwamba Januari uwanja ule ni ziwa.

Nusu saa baadaye walikuwa wamempa nyavu mpya na kocha msaidizi. Malachy akavaa kofia. "Basi tumeelewana."

Uvumilivu ukanishinda. "Hamjaelewana lolote! Malachy Tansey, kaa chini. Mmekuja kumfukuza mume wangu, mmekula keki yangu mmeimaliza, na sasa mnampa mwaka mwingine umuue. Semeni!"

Wakaangalia viatu vyao, kwa hiyo nikasema mimi. "Fintan, wamepiga kura. Hawakutaki."

Nilidhani atashusha pumzi. Badala yake uso ulimshuka, ndipo nikaelewa kwamba aliniahidi vile kwa sababu alikuwa na hakika hawatasema kamwe. Nilitamani maneno yangu yarudi mdomoni.

"Kura ngapi?" akauliza.

"Zote," Malachy akaiambia meza.

"Na ya Cormac?"

"Cormac ndiye aliyetoa hoja. Alisema hawezi kukubeba mara ya pili."

Fintan akakisukuma kikombe kando. "Mbona hakuja mwenyewe?"

Gus akaelekeza kidevu dirishani. Gari la Malachy lilikuwa getini, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameinama mwanangu, nahodha mzima, tangu saa nane.

"Alisema tutangulie, anakuja," akasema Enda.

Fintan akatoka bila koti. Akafungua mlango wa gari, akaingia, akakaa kando yake. Nikawatazama kupitia dirisha na nusura nivunje kioo kwa hasira, maana wote wawili walikodoa macho mbele kama watu wanaosubiri basi.

"Sisi twende?" Malachy akauliza.

"Mtaendaje, na gari lina watu?" nikamjibu.

Dakika kumi zikapita. Kisha mabega ya Fintan yakaanza kutikisika, na Cormac akanyoosha mkono, akakivuta kichwa cha baba yake, akakilaza begani kwake. Hata hapo sikuona mdomo wa mtu ukifunguka.