Saa ya Kongo, Saa ya Bwera

Tone lilianguka ndani ya sufuria, ti, na baada ya kitambo likafuata lingine. Umeme ulikuwa umekatika tena pale Bwera, jirani na mpaka wa Kongo, na katika giza la stoo Musoki alilisikia paa linalovuja vizuri kuliko alivyosikia kitu chochote redioni. Redio yenyewe, iliyoungwa kwenye betri ya gari, ilikuwa inachacharika tu kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji.

"Kahambu, Kahambu, hapa Bwera. Unanipata?"

Hakuna. Kisha Mtaliano mmoja akajitokeza katikati ya makelele, sauti yake safi kana kwamba amekaa juu ya gunia la kahawa pale mlangoni, akitafuta watu wa mbali wa kuongea nao.

"Mtaliano namsikia," Musoki akasema. "Mdogo wangu, hapo tu nyuma ya milima, simsikii. Hii redio ina akili kweli?"

"Usitukane redio," akajibu Thembo, baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa fundi umeme wa mgodi kabla ya kustaafu, na leseni yake ya redio aliitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. "Redio iko sawa. Ni jua iko na matata wiki hii. Halafu giza ikiingia, mawimbi inaruka. Inapita juu ya kichwa ya watu ya karibu, inaenda kuanguka huko kwa Wazungu."

"Jana ulisema ni radi. Juzi ulisema ni yule jirani anayechomelea milango."

"Na yeye pia."

Musoki alikiweka kipaza sauti chini polepole, maana mkono ulikuwa unataka kukitupa. Mama yake alikuwa huko Kongo kwa Kahambu, milimani juu ya Butembo, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu hata uji alikuwa akiupapasa. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Bwera, wanapasua bure, na wakiondoka haijulikani watarudi lini. Mbusa, mchuuzi wa kahawa, alikubali kumbeba mama kwenye lori lake hadi mpakani siku ya Ijumaa, lakini alisema wazi: mama awe barabarani. Yeye hapandi kilima kutafuta mtu, na wala hangoji.

Mnara wa simu kule ulikuwa umekufa. Iliyobaki ilikuwa redio ya padri wa parokia, mpenzi wa mawimbi kama Thembo, ambaye alimruhusu Kahambu kuitumia. Ketura, muuza vitenge, alikuwa ameshapeleka ujumbe: tukutane redioni, mawimbi ya mita arobaini, saa kumi na moja jioni. Siku ya madaktari ilitangazwa Ketura akiwa ameshavuka mpaka, kwa hiyo habari hiyo hakuibeba. Tangu hapo Musoki alikuwa akiikosa shule yake ya jioni, anakuja hapa kwa baba mkwe, mtoto mkononi, kuongea na makelele.

"Kituo ya Bwera, simama hapo."

Sauti ilitoka redioni, na wote wawili wakashtuka. Thembo akacheka, akachukua kipaza sauti. "Afande Aber. Habari ya Gulu?"

Aber, mpenzi mwingine wa mawimbi, mbali huko Gulu, alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini zamani, na hakuwahi kuuacha usemi wa kijeshi. "Habari baadaye. Nyinyi mnacheza? Kuna mama ya Kongo anaita nyinyi kila siku. Musoki, Musoki, mpaka koo inakauka. Hakuna mtu anajibu. Anafunga redio. Saa moja nzima inapita, ndiyo nyinyi mnaamka: Kahambu, Kahambu. Mimi nasikia wote kama mpira ya redio, timu moja inacheza, ingine iko nyumbani inakula."

Tone likaanguka kwenye sufuria.

"Baba," Musoki akasema, "tulisema saa kumi na moja. Kule saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa hiyo mimi nilikuwa nangoja saa kumi na moja ya kwao."

"Na yeye?"

"Amefuata ya kwetu."

Thembo alimtazama gizani, au angalau aligeuza uso upande wake. Bwera nzima, mtu akikuambia mkutane, unauliza kwanza: saa ya wapi? Hata watoto wanaotumwa chumvi ng'ambo wanauliza. Musoki hakuuliza kwa sababu alitaka kumrahisishia mdogo wake, na mdogo wake hakuuliza kwa sababu hiyo hiyo.

"Kumbe jua haina kosa," Thembo akasema. "Ni adabu yenu."

Alhamisi Musoki alikuwa kwenye kiti jua likiwa bado juu, Alliance, binti yake, akiwa magotini pake. Kesho yake ilikuwa siku ya lori. Milimani kulikuwa kunanguruma tayari.

"Yaya Musoki, Yaya Musoki. Uko?"

Yaya, dada mkubwa: hivyo ndivyo Kahambu alivyomwita siku zote. Musoki alitaka kulia na hakuwa na nafasi. "Kahambu. Niko. Sikiliza. Mama aje kesho, madaktari wa macho wako hapa."

"Sisikie bien, sisikie muzuri. Mama afanye nini?"

"Macho. Apande lori."

"Mboto, ile samaki? Hatuna mboto."

"Lori. La Mbusa."

Radi ikararua kila kitu. Sauti ya Kahambu ikazama, ikarudi imepungua nusu. "Yaya, uko nasema mambo ya mbusi? Kuko mutu anauza mbusi?"

Mbusa alikuwa ameshageuka mbuzi. Thembo akanyakua kipaza sauti, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Kahambu akasema sasa hasikii hata neno, ni kama ng'ombe. Musoki akakichukua tena, akasema taratibu, neno moja moja, kama mwalimu wake wa jioni anavyosoma imla. Makelele yakameza maneno hayo yote. Ukutani saa ilikuwa inakwenda, na kule ng'ambo padri angeizima jenereta yake muda wowote.

"Mama, unanibana," Alliance akalalamika, mdomo wake karibu kabisa na kipaza sauti.

Redio ikatulia kidogo.

"Nani huyo?" Kahambu akauliza. "Huyo mutoto ndiye ninamusikia muzuri. Sauti yake inapita kama sindano. Nyinyi wakubwa munyamaze, yeye aseme. Mama iko hapa pembeni yangu."

Musoki akainama, akamnong'oneza binti yake sikioni maneno ya kumwambia mukaka, bibi yake, akambonyezea kitufe kwa kidole chake mwenyewe.

"Mukaka, kesho asubuhi shuka barabarani upande lori ya Mbusa."