Chandarua cha Meneja

Mgeni aliingia uani bila hodi, taa mkononi, feni ndogo kwapani, akamkanyaga kwato kondoo dume aitwaye Meneja. Meneja akamsukuma kwa pembe mpaka akakaa ndani ya beseni la nguo.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka ndani ya beseni. "Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Nimekuja kutega usubi."

"Marahaba. Wale wadudu kama vumbi lenye meno?"

"Hao hao. Wanaeneza virusi vya ugonjwa wa ulimi wa buluu. Nikiwapata hapa jioni hii, chanjo italetwa mtaani wiki hii hii."

Mama, mshonaji wa sare za shule, alimtazama Meneja na wake zake wanne. Kondoo watatu wa jirani walikuwa wamekufa midomo imevimba. Chanjo hiyo angeifuata hata kwa magoti.

"Ila huo moshi wako unawafukuza," mgeni aliendelea, akionyesha moto wa majani mabichi uliokuwa ukifuka kando ya kondoo. "Tuuzime mpaka chupa ya mtego ijae."

"Nizime moshi, Meneja wangu aumwe? Una akili timamu wewe?"

"Hataumwa hata mara moja. Naahidi, mama."

Majike yaliingizwa stoo, mama akaegemea mlango kwa mgongo maana yalikuwa yanaupiga vichwa kwa ndani. Meneja, mwenye pembe pana kuliko mlango, alibaki nje. Mgeni akatoa chandarua chake cha safari, cha mtu mmoja, akamfunika. Meneja akaanza kukitafuna. Ikagundulika kwamba anatulia akikunwa kidevu tu. Basi mgeni akapitisha mkono mmoja ndani kukuna, na kwa mwingine akashikilia pindo lisifunuke.

Jua likazama. Taa ikawaka, feni ikanguruma, usubi wakaja. Wengine walivutwa chupani. Waliobaki walimwona mgeni.

"Jipake dawa, mwanangu!"

"Wakiinusa hawasogei mtegoni."

"Na huo ugonjwa wao?"

"Hauwapati watu, mama."

"Na kuwashwa?"

"Huko kunawapata."

Mmoja alimng'ata kope. Wawili wakagombania pua. Mgeni alikunja uso, akapuliza juu, akapuliza pembeni, akapiga chafya, lakini kidevu cha Meneja hakikukosa kukunwa.

"Mwache sekunde moja ujikune, baba!"

"Nikimwacha atatoka."

"Uso wako unakuwa andazi!"

"Najua. Na kesho napigwa picha ya kitambulisho cha kazi." Akapuliza juu tena. "Kinadumu miaka mitano."

Mama alicheka mpaka mlango ukatikisika, kisha akamtazama vizuri.

Chupa ilipojaa, moshi uliwashwa tena, majike yakatolewa. Mama alivaa miwani yake ya kushonea, akamkagua Meneja masikio, pua, kope na tumbo, polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Hata moja," akasema.

"Nilikuahidi, mama," mgeni akajibu, akimtafuta kwa jicho lililobaki wazi.