Kidude cha Shaba Kwenye Sufuria

"Leo shemeji umekuwa mpishi," mke wa mdogo wake alimwambia fundi, akichungulia sufuria. Hakuwa ametania hata mara moja tangu ajali, na fundi alishindwa hata kutabasamu.

Ndani ya maji kilining'inia kidude cha shaba, kimefungwa kwa waya kisiguse chini. Ilikuwa thamostati ya ile pikipiki iliyolala uani: mlango mdogo unaoruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta kupoa. Mlango ukikwama, injini inachemka. Na injini ya mdogo wake ilichemka, ikagandana mteremkoni, tairi la nyuma likajifunga, na mguu wake ukakatwa, ukabaki hospitali.

Kilichomkosesha fundi raha si mguu peke yake. Wiki moja kabla ya ajali, rejeta ile aliisafisha yeye. Halafu kwenye kikao cha ukoo, mama analia, wajomba wanauliza, akasema mbele ya wote: "Pikipiki ilikuwa nzima. Dogo alikimbiza mno." Wakaamini, maana fundi ndiye yeye. Dogo hakubisha. Tangu siku ile hakubisha lolote, hata akiletewa chai iliyopoa.

Miezi miwili ikapita ndipo moyo ukamsukuma kuifungua. Rejeta haikuwa imetoboka, pampu ilizunguka, mabomba yalikuwa mazima. Feni ya kupoza rejeta hakuikagua. Aliifunga kwa mkono wake, akajiambia, aikague ya nini? Mfa maji haachi kutapatapa: alikuwa anaiombea thamostati iwe mbovu. Ingekuwa mbovu, kosa lingekuwa la chuma, wala si la mtu.

Shemeji yake alishika kipimajoto. "Sabini... sabini na nane... themanini na mbili. Ee, inafunguka!"

Ilifunguka taratibu, vizuri kabisa. Fundi akaitoa kwenye maji, ikapoa, ikajifunga. Akairudisha, ikafunguka tena. Mara ya tatu shemeji akacheka. "Kumbe nzima! Basi hatununui nyingine."

Fundi alizima jiko, akatoka uani, akapiga magoti na kupenyeza mkono chini ya tangi. Soketi ya waya wa feni ilikuwa haijachomekwa, imejaa vumbi. Aliichomoa siku ya kusafisha rejeta, akasahau kuirudisha. Pikipiki ikienda, upepo unaipoza. Kwenye foleni hakuna upepo, na siku ile Dogo alikuwa amekwama kwenye foleni saa nzima, maji yakichemka mpaka yakaisha, ndipo akashika mteremko.

Alijichukia. Angeweza kuichomeka pale pale, na nani angejua? Hakuichomeka. Alirudi jikoni akamweleza shemeji yote, bila kupunguza neno. Shemeji aliweka kipimajoto mezani.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Yuko macho."

Dogo alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikukimbiza."

"Hukukimbiza, mdogo wangu. Nisamehe."

"Mimi mwenyewe nilishaanza kuamini. Nawaza, labda nilikimbiza, nimesahau tu." Alivuta shuka juu ya paja. "Ulisema mbele ya watu, kaka. Kawaite."