Risasi Bubu ya Gwilym Prosser

Mimi ndiye niliyemwambia Gwilym Prosser aendelee kupiga. Ninalisema hili mapema ili mtu asilitafute baadaye.

Siku hiyo nilikuwa msimamizi wa uwanja kwenye klabu yetu ya shabaha ya Thornley Heath, kusini mwa Uingereza. Gwilym alihamia kwetu kutoka Wales alipostaafu. Alikuwa na miaka sabini na moja, alipiga kinanda kanisani kila Jumapili, na risasi zake alizijaza mwenyewe kwenye kibanda nyuma ya nyumba: ganda, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti ndani, kichwa juu.

Tulimpenda, na tulibishana naye sana kwa sababu ya maneno. Sisi tukisema risasi tunamaanisha kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki. Yeye alimaanisha kile kichwa kinachoruka tu. Kitu kizima alikiita raundi.

"Hester, unataka risasi au raundi?" angeniuliza. "Sema vizuri, mama. Ukienda dukani hivyo utauziwa viatu."

"Nipe hicho kilichoko mfukoni, mzee, kabla sijazeeka kama wewe."

Tulicheka hivyo mwaka mzima. Neno bubu halikuwahi kuzuka kati yetu.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, upepo wa ubavuni, yadi mia sita. Watu kumi na wawili walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mikeka wakipiga. Baada ya risasi ya saba Gwilym akainua mkono. Nikaenda, nikachuchumaa, nikasogeza kizibo cha sikio.

"Vipi, Gwilym?"

"Bubu."

"Bubu kweli?"

"Nimevuta, kimya. Shabaha haijashushwa kutiwa alama."

"Umeshaitoa?"

"Iko mfukoni."

"Haya, weka nyingine. Endelea."

Kwetu risasi bubu ni ile iliyogoma kabisa. Fataki haikuwaka, inatoka nzima kama ilivyoingia, na mtutu unabaki mtupu. Kwenye klabu ya Gwilym, kule Wales, bubu ilikuwa risasi yoyote isiyofika kwenye shabaha, kwa sababu yoyote ile. Hii yake haikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikisukuma kichwa ndani ya mtutu, kikakwama humo na kuiziba njia ya risasi inayofuata. Sisi tungesema imekohoa. Lakini upepo ulivuma na bunduki kumi na moja zililia, kikohozi hicho hakikusikika. Alichotia mfukoni kilikuwa ganda tupu. Ningemwambia anionyeshe, ningejua palepale. Sikumwambia.

Nilikuwa nimepiga hatua nne nilipousikia mlio, mzito na mfupi, si wa bunduki. Nikageuka. Mtutu ulikuwa umepasuka pale mkono wake wa kushoto unaposhika. Nikapiga kelele wote wasimamishe. Tamsin, nesi aliyelala mkeka wa jirani, alikuwa tayari anamfunga mkono kwa mkanda wa bunduki.

"Vidole vyangu vipo?" Gwilym aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Lala tu, babu," Tamsin akamwambia.

Alibakiwa na kidole gumba na kile kidogo.

Mwezi wa Agosti kamati ilituita. Mwenyekiti aligawa vikaratasi, kila aliyekuwepo aandike maana ya bubu. Watano waliandika kama mimi, wanne kama Gwilym, mmoja akaandika risasi iliyolowa maji, mmoja risasi isiyo na baruti. Wote walikuwa wamepiga shabaha pamoja kwa miaka. Kamati ikaandika kwamba sina kosa, na tangu hapo mpigaji haulizwi neno, anaulizwa ganda. Usimamizi niliuacha wiki hiyohiyo.

Nilikwenda kumwona mwezi wa Septemba. Mkewe, Olwen, alinifungulia, akanizuia ukumbini kwanza.

"Kosa ni langu," akaninong'oneza. "Alikuwa anajaza baruti, nikamwita aje kula. Akasema dakika moja. Nikamwambia viazi vinapoa."

Nikaingia ndani. Gwilym alikuwa kwenye kiti, mkono umefunikwa taulo.

"Ilinipasa nikuombe ganda siku ile," nilisema.

"Ungeniomba ningekupa. Na mimi nilipaswa kuchungulia mtutu. Miaka arobaini na tano napiga." Akaweka taulo sawa. "Kwetu hatuna hilo neno lenu la kukohoa. Tunasema bubu, basi."

Tukanywa chai. Nilipoinuka akasema, "Hester, usije tena. Sina hasira na wewe. Ila nikikuona nausikia ule mlio."

Sikwenda tena. Nilisikia tu kwamba kanisa limepata mpiga kinanda mwingine, na kwamba Gwilym ameacha kusali pale.

Alifariki kwa kifua majira ya baridi ya pili. Olwen alinipigia simu wiki moja baada ya mazishi. Alisema aliogopa kunialika. Nikamwambia alifanya sawa, kisha hakuna aliyeweza kukata simu, tukakaa hivyo muda mrefu tukisikilizana pumzi.